Bahari ya Mikindani kwa jicho la mgeni

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kwamba huko Dodoma, pamoja na shughuli za kazi, bado unapata nafasi ya kutazama nyota. Umeniuliza: iwapo wako viumbe katika sayari nyingine, wangeiona bahari yetu kama tunavyoiona sisi? Nimefundisha baiolojia miaka mingi, lakini jibu langu linaanzia mwambani.

Juzi maji ya bamvua yalipokupwa nilishuka na chuma changu, nikapata pweza mmoja. Nilipokwisha kumkatakata, mnyiri mmoja uliobaki kwenye ubao uliendelea kujikunja, na nilipousogezea kidole ukaning'ang'ania, ilhali kichwa kilikuwa tayari kwenye beseni. Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ya hizo zimo minyirini; tena vile vikombe vyake vya kunyonya huonja kila anachokigusa, kana kwamba wewe ungejua ladha ya ukuta kwa kuupapasa. Macho yake ni makali, lakini yana aina moja tu ya seli za kupokea mwanga, wakati sisi tunazo aina tatu za kutambulia rangi. Yaelekea basi hazioni rangi kama sisi, naye ndiye bingwa wa kujibadili rangi! Huyo ni jirani yetu, tunamla kwa tui la nazi. Ndiyo maana sina subira na sinema zinazomchora mgeni wa angani kama binadamu aliyeongezewa kichwa na macho tu.

Mimi ningeuliza kwanza anaishi wapi, ndipo niulize ana macho mangapi. Chukua Europa, mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii (Jupita). Upo ushahidi mzito kwamba chini ya barafu yake kuna bahari ya maji ya chumvi, na Oktoba 2024 Marekani ilirusha chombo, Europa Clipper, kwenda kuuchunguza mwezi huo. Mwanga wa Jua haufiki humo. Kiumbe wa bahari hiyo, kama yupo, angeweza kutegemea mtikisiko wa maji, au umeme hafifu, kama papa anavyomgundua samaki aliyejifukia mchangani. Nyota asingezijua kabisa, maana anga yake ni dari ya barafu.

Sasa nirudi kwenye bahari yako. Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, umbali wa miaka ya nuru 4.2, ni ndogo na nyekundu, na sehemu kubwa ya mwanga wake ni infraredi, ambayo macho yetu hayaipokei. Sayari yake moja, Proxima b, iligunduliwa mwaka 2016. Tuseme huko yuko kiumbe ambaye macho yake yamezoea mwanga huo kama yetu yalivyozoea Jua, kisha tumsimamishe hapa uani saa sita mchana. Majani mabichi hurudisha infraredi kwa wingi, lakini maji huimeza. Kwa hiyo ule mwembe uliokuwa ukiupanda utotoni ungemng'aria kama shuka jeupe lililotiwa buluu, anga lingekuwa giza, na bahari ingekuwa nyeusi kama wino wa pweza wangu, kuanzia ufukweni hadi upeoni.

Ni mimi mama yako.