Wadogo zangu, acheni kugeuza picha

Wiki hii tena nimekuta faili ya ofisa wa jeshi imepinduliwa kulia-kushoto, eti upanga ukae mahali pake. Ninyi mnaoanza kazi ya picha za kale hapa Dar, tusemezane.

1. Faili kuu haiguswi. Dagerotipu, yaani picha ya kale iliyo juu ya bamba lenye uso wa fedha, na picha ya bati huonyesha mtu kama kwenye kioo: upanga wa kushoto utauona kama uko kulia kwake, na nishani za kifua cha kushoto vivyo hivyo. Iskani kama ilivyo. Nakala ya kugeuza iwe pembeni, na jina lake liseme imegeuzwa.

Kosa la sisi tuliotangulia lilikuwa kubwa zaidi, na bado linaniuma. Somo la dagerotipu tulilifanya sheria ya kila picha ya karne ya 19, tukapindua hata za albumeni, yaani za karatasi iliyopakwa ute wa yai, ambazo huchapwa kutoka negativu na kwa kawaida ziko sawa. Tukawahamishia watu mikono na nishani, orodha ikatoka hivyo. Ushahidi ulikuwa mbele yetu: koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiulalia wa kulia. Lakini ukanda wa nishani usiuamini kabla hujaijua nishani yenyewe: kwa nishani za Uingereza, wa Garter hupita bega la kushoto, wa Bath la kulia. Na mjumbe wa Zanzibar? Jambia liko katikati ya kiuno, upanga kaushika mkononi, joho liko wazi. Hapo hakuna cha kukuongoza, basi usiguse.

2. Jua karatasi kabla ya kuandika mwaka. Kwenye lenzi ya mara 30, albumeni huonyesha nyuzi za karatasi. Ukiona vinukta vilivyopangwa, hiyo ni chapa ya mashine, pengine postikadi iliyotoka miaka mingi baada ya mtu kukaa mbele ya kamera. Geuza kadi ilimobandikwa picha usome muhuri wa studio: Sayyid Barghash alipigwa picha London mwaka 1875, nanyi mnajaza "Zanzibar" kwa sababu tu alikuwa sultani wake.

3. Nyuma ya picha mwandike kwa penseli laini, pembezoni.

4. Dagerotipu isipanguswe hata kwa pamba. Picha yenyewe ndiyo ule utando juu ya fedha. Ukipangusa, uso wa mtu umeondoka.

5. Masika msizime kiyoyozi jioni na kukiwasha asubuhi. Unyevu ukipanda na kushuka, albumeni hujikunja na kupasuka. Iliyokwisha kujikunja msiilazimishe kunyooka kwa mkono. Iwekeni kwenye boksi pana, mniite.