Maswali yenu: Lindi ingepita, Bagamoyo ingekwama

Wiki mbili zilizopita niligusia lugha za kubuni, zile ambazo mtu mmoja alikaa na kalamu yake akaziunda kuanzia herufi hadi methali. Sikutarajia barua nyingi hivi. Nimechagua sita.

Ni kweli kwamba Kidothraki, lugha ya wapanda farasi wa Game of Thrones, kimetoka kwenye Kiswahili? (Msomaji, Morogoro)

Nusu yake ni kweli. David J. Peterson, Mmarekani aliyeiunda lugha hiyo kabla tamthilia haijaanza kuonyeshwa mwaka 2011, alikitaja Kiswahili miongoni mwa lugha zilizompa mawazo, pamoja na Kirusi, Kituruki, Kiestonia na Kiinuktituti. Ila ukiingia humo kuwinda maneno yetu utatoka mikono mitupu. Farasi ni *hrazef*. Hapo hapana Kiswahili hata cha dawa.

Mimi naona undugu mahali pengine. Nomino za Kidothraki ziko makundi mawili: zenye uhai, ambazo zina umbo la wingi, na zisizo na uhai, ambazo hazibadiliki hata ziwe mia. Na sisi tuna jicho hilohilo la uhai. Sema "kifaru huyu anakuja", mtu atatafuta mti wa kupanda. Sema "kifaru hiki kinakuja", atajua vita vimefika. Neno ni moja. Aliyebadilisha habari ni *huyu* na *hiki*. Sitadai Peterson aliichota kwetu, maana Kirusi nacho kinatazama uhai. Nasema tu kwamba Mswahili akifungua sarufi ile hatashtuka.

Dada yangu amemwita bintiye Khaleesi. Bibi anamwita "Kalisi". Nani anakosea? (Shangazi wa mtoto, Tanga)

Shangazi, kwanza hilo si jina, ni cheo: mke wa *khal*, kiongozi wa kundi la wapanda farasi. *Kh* yake ni ile ya Khamis inapotamkwa na mtu wa pwani, inayokwaruza kooni. Mkazo Peterson aliuweka mwanzoni, KHA. Waigizaji wakausukuma katikati, ka-LI-si, dunia nzima ikawafuata, na mwenyewe amelalamika mpaka amechoka.

Sasa msikilize bibi vizuri. Amelainisha *kh* ikawa *k*, na mkazo ameuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyofanya kwa karibu kila neno. Amelisajili neno hilo kwenye Kiswahili bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwacheni.

Eti Wadothraki hawana neno la "asante"? (Msomaji, Nakuru)

Hawana. Lakini salamu wanayo: *Hash yer dothrae chek?* Yaani, "Je, unapanda vizuri?" Ndiyo hali yako hiyo. Ukiwa na farasi mzima, mengine yatajipa.

Nimeona maneno ya Waelfi wa Tolkien yamejaa mb, nd, ng. Huyu mzee alijifunza lugha ya Kibantu? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Hapana, mwanangu. Kikwenya, lugha ya Waelfi ambayo Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, alianza kuichonga mnamo 1915, kilitokana na mapenzi yake kwa Kifini, pamoja na Kilatini na Kigiriki. Hizo mb na nd zinatokana na sheria ngumu: katika Kikwenya b, d na g haziruhusiwi kutembea peke yake. B huja na m mbele yake, g huja na n, na d ina walinzi watatu: n, l au r.

Nilikaa jioni moja na ramani nikaipitisha miji yetu kwenye chekeche hilo. Tanga, imepita. Mombasa, imepita, maana b yake imeshikwa mkono na m. Kilindini imepita, ingawa Mwelfi angetamka ki-LIN-dini, kwa kuwa mkazo wake hurudi nyuma silabi ya kabla ya mwisho ikiwa nyepesi. Dodoma ikakwama mlangoni. Kigoma ikakwama katikati. Bagamoyo maskini ina makosa mawili. Lindi ndiyo iliyonifurahisha, kwani haikupita tu, ilikaribishwa ndani: *lin-* ni mzizi wa mambo ya kuimba, na *lindalë* ni muziki. Lakini jihadhari na maneno pacha: *anga* yao ni chuma.

Uzuri wa Kikwenya kwangu mimi uko kwenye kitenzi. Kuna mahali mfalme anakuta mche wa mti aliokuwa akiutafuta, anapaza sauti: *Utúvienyes!* Kwa Kiingereza inahitaji maneno manne. Kwetu ni moja: *Nimeupata!* Wao huanza na kupata, kisha *-nye*, mimi, kisha *-s*, huo. Sisi mimi na huo tumewapandisha mbele, kitenzi kinafunga safari. Ni treni ileile ya mabehewa; tofauti ni upande kilipofungwa kichwa. Wasomaji wa Kiingereza huliona neno hilo kama uchawi. Mama ntilie akipata chenji yake asubuhi anasema vivyo hivyo.

Kijana wangu anajifunza Kiklingoni kwenye simu badala ya kusoma. Ina faida yoyote? (Mzazi, Kisumu)

Mzazi mwenzangu, inategemea unaitaka faida gani. Marc Okrand alikitengeneza kiwe lugha ya Waklingoni, viumbe wa Star Trek, kwa ajili ya filamu iliyotoka 1984, na kamusi yake ikafuata mwaka uliofuata. Mpangilio wa sentensi aliupindua makusudi: mtendwa kwanza, mtenda mwisho. Sentensi *puq legh yaS*, ukiifuata neno kwa neno, ni "mtoto anaona afisa", kumbe aliyeona ni afisa.

Mpe kijana mtihani huu jioni. Neno *qalegh* maana yake "nakuona"; *cholegh*, "waniona". Sisi hutumia viambishi viwili, kimoja cha anayeona na kingine cha anayeonwa. Kiklingoni kimeviyeyusha vyote kuwa kimoja, *qa-* au *cho-*. Muulize kipi ni cha nani. Akiweza kueleza, basi sarufi ya Kiswahili haitamsumbua, na simu umwachie nusu saa zaidi.

Naandika hadithi ya majini wa baharini. Lugha yao nimeijaza apostrofi na x, wenzangu wananicheka. Nirekebishe vipi? (Mwandishi chipukizi, Lamu)

Wanacheka kwa sababu umeongeza. Jaribu kuondoa. Kidothraki kina irabu nne tu, a, e, i, o. P na b zimebaki kwenye majina tu. Kiswahili chenyewe kilikataa neno la Kiingereza liishie kwa b, ndiyo maana leo tunakwenda kilabu.

Majini wako wanaishi majini. Tuseme hawafungi midomo kamwe wanaposema, basi. Papo hapo p, b na m zimekufa. Usiwatungie kamusi kwanza. Wape Kiswahili chetu wakivunje. Pweza atakuwa *kweza*. Mama atakuwa *nana*. Bahari itakuwa *wahari*. Apostrofi haihitajiki hata moja, na msomaji wa ukurasa wa kumi atakuwa ameshaikamata kanuni bila kufundishwa.

Halafu mweke mvuvi wako Mbarak peke yake kwenye ngalawa, usiku, taa imezimika, na sauti nzuri ya mwanamke imwite kutoka nyuma: "Warak."