Nyama kwa mganga, chuma kwa fundi

SWALI: Assalaam aleikum, Bi. Sisi ni vijana watano wa Likoni. Kila Ijumaa usiku twacheza gemu ya kuigiza wahusika, dunia ya kesho yenye uganga na mitambo. Juzi askari wetu, mwenye mkono wa chuma na jicho la kamera, alipigwa na bomu. Mganga wetu akamwekea kiganja, dadu likaangukia ishirini, namba yake ya juu kabisa. Mwenye askari ashikilia kuwa amerudi mzima, nyama na chuma. Msimamizi wa mchezo asema uponyaji hukitema chuma, maana mwili hautaki mgeni. Tumenuniana hadi leo. Yupi ana haki?

JIBU: Waaleikum salaam, wanangu. Wote wawili wameteleza, ila msimamizi ameteleza zaidi. Mimi nina bamba la chuma na skrubu sita kwenye muundi tangu bodaboda iliponiangusha karibu na Daraja la Nyali. Bamba halikuuponya mfupa wangu. Liliushikilia tu usicheze, mfupa ukajiunga wenyewe. Miaka tisa sasa nyama imelifunika na wala haijalitema. Tena kuna madini ambayo mfupa huyakumbatia hasa: Per-Ingvar Brånemark, mwanasayansi wa Uswidi, aligundua miaka ya 1950 kwamba mfupa hushikamana na titani, na mwaka 1965 akaanza kutibu mgonjwa wa meno kwa njia hiyo.

Basi mkono ubaki begani. Lakini haponi asiye na damu, na chuma hakina. Arne Larsson, naye Mswidi, ndiye mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, mwaka 1958. Kifaa kile kilikufa baada ya saa chache. Hakikupewa dawa, kiliwekwa kingine, kisha kingine, zaidi ya ishirini kwa jumla, na mwenyewe akaishi hadi 2001, akiwa na miaka 86.

Kuna magemu yanayolitatua jambo hili kwa hesabu. Shadowrun, iliyotoka Marekani mwaka 1989, humpa mhusika kipimo cha uhai wa ndani kinachoanzia 6. Kila kipandikizi hukila kidogo, na kadiri kinavyopungua ndivyo uganga unavyomshika kwa shida. Napenda chuma kiwe na gharama. Nisichokipenda kabisa ni kumtoza gharama hiyo aliyepoteza mguu kwa ajali. Mguu wa bandia haumpunguzii mtu utu, na katika mchezo ninaousimamia mimi hakatwi hata pointi moja. Namkata yule aliyeutoa mkono wake mzima ili afungiwe bunduki.

Pahali pa kukaa na kufikiri ni pale chuma na nyama vinapokutana. Vipande vya bomu vilivyoingia begani, nani alivitoa? Mganga akiifunga ngozi juu yake, amefungia usaha ndani. Mimi hulazimisha kibano kwanza, kiganja baadaye, hata kama risasi zinalia. Na nyaya za jicho zilizoshonwa kwenye mshipa wa fahamu: mshipa ukipona, waya uliokatika bado umekatika. Askari atahisi jicho lipo, wala halioni.

Swali ambalo hamkuniuliza, na litawafikia siku moja, ni la uganga mkubwa, ule wa kuotesha kiungo kilichokatwa. Hapo mkono wa nyama unataka kiti ambacho chuma kimekalia. Msiliamue kwa dadu. Mwulizeni mchezaji. Barazani kwetu Mji wa Kale binti mmoja aliulizwa hivyo, mhusika wake akiwa baharia. Alinyamaza mpaka kahawa ikapoa, kisha akasema chuma kibaki, kwa sababu ndicho kilichomshika mdogo wake asizame. Hatukuendelea na vita usiku ule.

Ijumaa hii, basi: askari arudishiwe pointi zote za mwili, kwani ishirini ni ishirini. Mkono uning'inie, kiwiko kikwaruze kila akisogea, jicho liwe giza. Fundi wenu mumweke Kongowea, nyuma ya soko, na adai malipo ambayo hamna mfukoni. Mganga aende naye amshike bega wakati fundi anafungua skrubu, maana pale patauma.