Silensa ya kabureta: skrubu ya mchanganyiko ikizungushwa bila injini kubadilika

Ndugu, umeeleza kwamba injini ya gari lako la zamani hutulia ukikanyaga mafuta, lakini ukiachia pedali silensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) hutetemeka au huzima kabisa, na kwamba skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli iliyo kwenye kabureta unaizungusha ndani na nje bila kuona tofauti yoyote. Hilo la mwisho ndilo la kushika, kwa sababu linaonyesha ugonjwa ulipo kuliko dalili nyingine ulizotaja.

Kabureta huguswa mwisho. Plagi, platina (swichi ndogo inayokatiza umeme wa cheche), taimingi (wakati wa cheche kuwaka) na nafasi za valvu ziwe zimeshapimwa kwa kufuata kitabu cha gari lenyewe, injini iwe imepata joto, choki (kifuniko cha hewa cha kuwashia injini ikiwa baridi) iwe wazi kabisa, na kichujio cha hewa kiwe mahali pake. Kagua pia hewa ya wizi, yaani inayopenya pasipotakiwa, kwenye gasketi iliyo chini ya kabureta na kwenye mipira ya vakyumu, hasa ule mnene unaokwenda kwenye sevo ya breki (kisaidizi cha nguvu ya breki). Mimi huubana kwa koleo injini ikiwa inanguruma, na silensa ikitengemaa ghafla, najua hewa inapenyea huko. Wapo wanaonyunyizia petroli kutafuta tundu, jambo ambalo silishauri hata kidogo karibu na eksozi ya moto.

Sasa turudi kwenye skrubu yako. Kipepeo cha kabureta, yaani kile kibati kinachofunguka ukikanyaga pedali, kikiwa kimekaribia kufunga, mafuta ya silensa hupita kwenye tundu dogo lililo chini yake, na skrubu ya mchanganyiko ndiyo inayolitawala tundu hilo. Juu kidogo kuna matundu mengine, yaliyowekwa ili kuisaidia injini unapoanza kukanyaga. Mtu akiona gari linazima hukimbilia kukaza skrubu ya kasi, ile inayosukuma mkono wa kipepeo. Kipepeo hufunguka kupita kiasi, matundu yale ya juu hubaki wazi, injini ikawa inanyonya mafuta huko, na skrubu ya mchanganyiko ikakosa cha kutawala.

Niliwahi kuletewa Volkswagen yenye kabureta ya Solex 34 PICT-3 ikiwa katika hali hiyohiyo. Kabureta hiyo ina skrubu kubwa inayopitisha hewa pembeni ya kipepeo, na kasi ya silensa hurekebishwa kwa hiyo, lakini fundi aliyetangulia alikuwa amekaza ile ya kwenye mkono wa kipepeo. Nilipoirudisha, injini ilizima papo hapo, na sababu ikajulikana: jeti ya silensa (kijiti chenye tundu dogo linalopima mafuta) ilikuwa imeziba, kiasi kwamba nilipoielekeza kwenye mwanga tundu lake halikuonyesha hata nukta. Jeti ya namna hiyo husafishwa kwa upepo wa kompresa na kamwe si kwa waya, kwa kuwa waya hulipanua tundu.

Ukishasafisha, zima injini, legeza skrubu ya kasi mpaka iache kugusa mkono wa kipepeo, kisha ikaze iguse na uongeze kidogo tu. Skrubu ya mchanganyiko ikaze taratibu mpaka ifike mwisho, bila nguvu, maana ncha yake ikichongeka alama ya pete, haitapima tena sawasawa. Kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwaka na kupata joto, ikaze robo kwa robo mpaka ianze kusita, halafu ilegeze mpaka upate mlio wa juu na laini kuliko yote, ushushe kasi hadi kiwango cha kitabu, ambacho kwa injini nyingi za silinda nne ni kama mizunguko 800 hadi 900 kwa dakika, na urudie yote mawili, kwa sababu kila moja huvuruga lenzake. Ukiwa na geji ya vakyumu (kipimo cha mvuto wa hewa ya injini), injini isiyo na hitilafu iliyo usawa wa bahari huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki na mshale hautikisiki; ukiwa nyanda za juu, punguza takriban inchi moja kwa kila mita 300. (Kabureta za SU hazimo humu, mchanganyiko wa nyingi kati yake hurekebishwa kwa nati ya jeti iliyo chini.)

Ikiwa hata hivyo silensa itapanda na kushuka yenyewe, shika mhimili wa kipepeo uutikise. Ukicheza, hewa inapenya pembeni mwake na kipepeo hakirudi mahali pamoja kila unapoachia pedali, kwa hiyo kabureta ikawekewe bushi mpya (pete zinazoshika mhimili) kabla hujagusa skrubu yoyote tena.