Ziara ya wanafunzi Bagamoyo: tarehe ipangwe na maji

Swali: Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari mjini Morogoro. Tunakusudia kuwapeleka wanafunzi 84 wa Kidato cha Pili Bagamoyo kwa siku moja, ili waone mambo ya utamaduni na ya mazingira kwa pamoja. Tumeorodhesha magofu ya Kaole, msitu wa mikoko, Mji Mkongwe, makumbusho ya Misheni ya Kikatoliki, Caravan Serai (kituo cha zamani cha misafara), TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na muda wa kuogelea baharini. Tarehe tumekwisha kuichagua, nayo nimeiambatanisha. Je, ratiba hii inatekelezeka, na tuanze na kipi?

Jibu: Mwalimu, orodha yako ni nzuri, ila ni ya siku tatu. Hata hivyo, kabla ya kuipunguza, lipo jambo zito zaidi, nalo ni hiyo tarehe. Nimeitazama, na Jumamosi mliyoichagua inaangukia siku saba baada ya mwezi mpevu. Maana yake ni kwamba saa mtakayokuwa mmefika pwani, mikoko itakuwa imesimama ndani ya maji, na wanafunzi wako wataitazama kutoka mbali kama wanavyoitazama kitabuni.

Katika pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili hivi zinazofuata, huwa ni bamvuo, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika eneo la Dar es Salaam hadi Bagamoyo huweza kuzidi mita 3. Katikati ya bamvuo mbili huja maji mafu, ambayo tofauti yake ni kama mita 1 tu. Jambo ambalo wapangaji wengi wa kutoka bara hawalijui, na ambalo mvuvi yeyote wa Bagamoyo angewaambia bila kufungua kitabu, ni kwamba huku kwetu maji ya bamvuo hupwa karibu saa zilezile kila mara, yaani mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, ilhali siku za maji mafu muda huohuo ndio maji yanapokuwa yamejaa. Kwa hiyo isogezeni ziara kwa wiki moja tu, mtaingia kwenye bamvuo ya mwezi mwandamo. Baada ya hapo thibitisheni saa kamili katika jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, ambalo halitofautiani na Bagamoyo kwa kiasi cha kuwaharibia ratiba.

Kuhusu kipi kianze, ushauri wangu ni kwamba Kaole na mikoko yake vihesabiwe kuwa somo moja. Magofu hayo yapo takriban kilomita 5 kusini mwa mji, nayo yana misikiti ya mawe na makaburi ya nguzo ya mji uliokuwa bandari karne kadhaa kabla Bagamoyo haijapata jina. Leo mtu akisimama kwenye makaburi hayo haioni bahari iliyo wazi, kwa kuwa tope na mikoko vimeingia katikati. Hapo ndipo penye swali ambalo mwalimu wa Historia na wewe wa Jiografia mnaweza kuliuliza kwa sauti moja: bandari hii ilikwenda wapi? Mwanafunzi aliyetoka kuliona kaburi akaingia mikokoni dakika kumi baadaye ana nafasi ya kulijibu mwenyewe, na jibu lake litamkaa kuliko maelezo ya mtembezaji.

Kiungo cha pili kati ya magofu na mikoko ni boriti. Mapaa ya nyumba za mawe za mwambao yalibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo zina kikomo cha urefu, vyumba vingi havikupita mita 3 kwa upana, hata mwenye nyumba awe tajiri namna gani. Wapeni wanafunzi futi kamba wapime nafasi kati ya kuta kwa kuupima upande wa chini tu, bila kupanda juu ya ukuta wala kukaa juu ya kaburi. Baadhi ya makaburi ya pale bado huendewa na watu kwa dua, na wanafunzi waambiwe hivyo wakiwa bado shuleni, si langoni.

Mikokoni msiwape majina yote. Mitatu inatosha: mkoko wenyewe, unaosimama kwa mizizi iliyojikunja kama miguu ya kaa na ambao mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, mchu, unaotoa vijiti vya kupumulia kutoka katika tope, na mlilana, unaopenda kuwa mbele kabisa kuelekea baharini. Kila kundi lichore ni mti upi uko karibu na maji na upi uko nyuma, kisha waeleze kwa nini.

Ratiba yenyewe naiona hivi. Mkiondoka Morogoro saa kumi na moja alfajiri na kupita Chalinze na Msata, ambako mtashika barabara ya lami ya kilomita 64 hadi Bagamoyo bila kugusa foleni za Dar es Salaam, mtafika mnamo saa mbili na nusu au saa tatu kasorobo. Wakishakunywa chai, wagawanyeni mara mbili: wanafunzi 42 waende mikokoni saa tatu na robo, na 42 wabaki kwenye magofu, kisha wabadilishane saa nne na nusu. Kundi la pili litoke topeni kabla ya saa sita, kwa sababu maji yakishaanza kurudi huja taratibu saa ya kwanza, na kasi yake huwa kubwa zaidi saa ya tatu na ya nne, wakati ambapo hamtakiwi kuwa mnahesabu watoto.

Katika kila kundi dogo la wanafunzi wasiozidi 12 awepo mtu mzima mmoja anayewajua kwa majina. Viatu viwe vya kufunga kwa kamba. Niliwahi kuruhusu kandambili katika ziara moja, tukatumia nusu saa nzima kuzifukua topeni, na mtoto mmoja akakatwa na chaza walioshikamana na mizizi. Kuogelea kufuteni kabisa: watoto wa bara 84, bahari ya bamvuo na walimu wasiojua kuogelea ni hesabu isiyokubali masahihisho.

Mchana chagueni sehemu moja tu. Najua mwalimu wa Historia atalilia misheni, iliyoanzishwa mwaka 1868 na kuwapokea watu waliokombolewa utumwani, na ambako mwili wa Livingstone ulipitishwa mwaka 1874. Ana haki, ila mahali hapo panastahili siku yake. Watoto walioamka saa tisa usiku hawatasikiliza maelezo ya tatu, lakini watakaa wima mbele ya ngoma, kwa hiyo mimi ningeichagua TaSUBa, mradi muiandikie barua mapema na mpate jibu la maandishi.

Barua nyingine ni ya kibali cha afisa elimu, ya idhini ya kila mzazi, ya kituo cha Kaole mkiomba kiingilio cha wanafunzi, na ya ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) Bagamoyo, kwa kuwa mikoko ni hifadhi ya msitu ya Serikali hata pale ambapo hakuna uzio. Mwezi wa Julai hadi Septemba ndio salama zaidi; masika yakikolea, njia ya kwenda mikokoni huteleza vibaya. Magari yaondoke Bagamoyo saa tisa alasiri ili mfike Morogoro giza likianza tu kuingia, na mbebe viroba vitupu vya kutilia viatu vyenye tope, maana harufu yake ndani ya basi lililofungwa madirisha mtaijua kabla ya kufika Msata.