Meza ya TV ya mkongo imepasuka chumba chenye kiyoyozi: nitengeneze vipi nyingine?

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Shangani, Mtwara. Mwezi wa tatu nilitengenezewa meza ya TV ya mkongo, urefu futi sita, kwa ajili ya chumba tunachokaa jioni kuangalia mpira na tamthilia. Chumba kina kiyoyozi, na wengi wetu tunakaa chini kwenye mkeka. Kufika mwezi wa saba uso wa meza ulipasuka kwa urefu, ufa unapitisha kadi ya benki. Fundi anasema mbao ilikuwa mbovu, tujaze kwa gundi na unga wa mbao. Mimi nataka nyingine. TV ni inchi 55. Nichague mti gani usiopasuka? Na mume wangu anataka mashimo ya bao yachongwe juu ya meza hiyo hiyo, inawezekana?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Nianze kwa kuutetea mkongo, maana umesingiziwa. Kati ya miti tunayoipata kusini huku, mkongo na mninga ndiyo mitulivu kuliko yote. Ukiagiza meza ya mti mwingine ikafungwa vilevile, itapasuka vilevile, pengine mapema zaidi.

Tazama tarehe zako. Mwezi wa tatu Mtwara ni mvua na unyevu wa bahari. Mbao iliyolala karakana wakati huo hubeba maji kiasi cha asilimia 16 hivi ya uzito wake mkavu, hata kama ukiigusa unaiona kavu. Ukaipeleka chumba chenye kiyoyozi, na kiyoyozi kazi yake mojawapo ni kukausha hewa. Kisha kusi, ule upepo wa kusini, likaanza, hewa ya nje nayo ikapungua unyevu. Mbao yako ikaanza kunywea, yaani kusinyaa. Mbao hainywei urefu, au hunywea kidogo sana usichokiona, inanywea upana. Uso wa sentimita 45 unaweza kupungua milimita 3 mpaka 6 kutegemea mti na ulivyopasuliwa. Sisi mafundi tunasema mbao inacheza, na hakuna gundi wala vanishi inayoizuia isicheze.

Sasa inama uangalie chini ya meza. Nina hakika utakuta zile mbao fupi zinazokwenda kutoka mbele hadi nyuma zimegandishwa gundi na kupigwa skrubu pande zote mbili. Hizo zimelala kinyume na uso: zenyewe hazifupiki, uso unataka kujivuta. Ukishikwa mbele na nyuma, unajipasua katikati. Mara nyingi ufa hufuata pale mbao mbili zilipoungana, au unatokea kwenye tundu la skrubu.

Nalijua hili kwa kuumia nalo. Miaka yangu ya mwanzo Lindi nilimfungia mteja uso wa mninga kwa skrubu 12, nikajiona nimefanya kazi ya kudumu. Baada ya miezi miwili alinipigia usiku, sebuleni kumelia kama kijiti kikavu kilichovunjwa. Nilipofika nilikuta mstari umetoka skrubu ya tatu hadi ya nne, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Nilimtengenezea nyingine kwa gharama yangu.

Kwa hiyo mwambie fundi wako hivi. Uso ushikwe imara ukingo wa mbele peke yake. Nyuma, matundu kwenye zile mbao fupi yasiwe ya duara, yawe marefu: kama skrubu ni ya milimita 5, tundu liwe milimita 6 kwa 15, urefu wake uelekee mbele na nyuma, na skrubu ivae wosha, ikazwe kiasi cha kushika tu. Gundi isiguse hapo kabisa. Mbao ikinywea au ikivimba, itateleza upande wa ukutani ambako hakuna anayeangalia, na ukingo wa mbele utabaki palepale. Gundi aitumie kuunganisha mbao za uso ubavu kwa ubavu, na kwenye viungo vya ulimi na tundu vya miguu. Skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu, hewa yetu ya chumvi inazila hizi za kawaida upesi.

Kuhusu ukavu, usitegemee neno la muuzaji. Nunua mbao ikiwa bado ghafi, ilazwe ndani ya chumba hicho hicho na kiyoyozi kikiwashwa kama mnavyowasha siku zote, ikipangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si mwishoni maana mwisho hukauka kwanza. Kipime kwenye mizani ya jikoni, uandike uzito juu yake kwa penseli. Rudia kila baada ya siku tatu. Uzito ukiacha kushuka, hicho kipande kimezoea chumba; ubao mzima mpe wiki mbili tatu za ziada, kisha fundi aje na randa. Kama mafundi wako hawana nafasi ya kusubiri hivyo, heri umtafute mwingine.

Ukinunua, angalia pia ile nyeupe ya pembeni. Kwenye mkongo na mninga kiini chenye rangi ndicho kinachokataa bungua na mchwa. Nyeupe wanaitoboa kama mkate. Na mbao iwe na alama ya nyundo ya misitu, ile ya kuonyesha imevunwa kihalali, na risiti.

Sasa vipimo. Uso wa futi sita unatosha, kwa sababu TV nyingi za inchi 55 zina miguu miwili mbali, karibu na ncha, si mguu mmoja katikati. Pima umbali wa miguu hiyo, kisha vigawanyo vya ndani vya meza viwekwe chini yake hasa. Hapo uzito unashuka moja kwa moja sakafuni. Usiache rafu ndefu bila kigawanyo: ukizidisha urefu mara mbili kwa mzigo uleule, inapinda mara nane. Ubao wa inchi moja usiachwe wazi zaidi ya sentimita 70 hivi.

Nyuma acha wazi, usipigilie plaiwudi. King'amuzi na amplifaya vinatoa joto, viachie sentimita 8 juu yake. Matundu ya nyaya yawe milimita 65, plagi yetu ya miguu mitatu haipiti kwenye tundu dogo, na nimeona watu wakikata waya ili uingie. Spika ya besi ikae sakafuni, usiiweke juu ya meza. Miguu ya meza ivishwe vifuniko vya plastiki chini, maana vigae vikipigwa deki kila siku mbao inafyonza maji kutokea hapo.

Vanishi ipakwe juu na chini sawasawa. Mafundi wengi huacha chini kukavu, upande mmoja unanywa unyevu kuliko mwingine, uso unajikunja kama samaki aliyeanikwa. Chagua isiyong'aa, usiku mwanga wa TV hautarudi machoni.

Mashimo ya bao hapana. Meza ya TV inaegemea ukuta, na bao linataka watu wawili waelekeane. Huyo wa pili atakaa wapi? Tena wachezaji wanazibwaga kete kwa nguvu, TV itatikisika usiku kucha. Mchongeeni bao lake peke yake, safu nne za mashimo manane, kwenye ubao mnene wa inchi mbili, na kwenye meza mwache nafasi ya kulisukumia chini ya rafu. Hapo Mtwara hamkosi mikono ya kuchonga.

Meza ya zamani usiijaze ufa. Mvua zikianza mbao itavimba, itakuta ufa umezibwa, itasukuma na kupasuka pembeni. Fungua skrubu, pasua kabisa kwa msumeno kwenye ufa, randa kingo mbili, ungana upya, kisha funga kwa matundu marefu. Itawafaa chumba kingine.

Kimo nimekiacha mwisho kwa sababu fundi hawezi kukijua bila wewe. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho. TV yako katikati yake iko kama sentimita 40 juu ya meza. Mtu akikaa kwenye mkeka macho yako kama sentimita 75, kwa hiyo meza ni 35. Kwenye sofa ingefika 60. Pima jicho la mumeo na la watoto wakiwa wamekaa wanavyokaa siku zote, mpe fundi namba hiyo kabla hajakata miguu.