Si kila witiri ni tasa

SWALI: Mwenzangu kazini ameandika kuwa 4294967297 ni namba tasa "kwa sababu inaishia na 7". Nikamwambia hiyo ni namba witiri. Akajibu kuwa ni mamoja. Je, ni mamoja?

JIBU: Si mamoja, na ningeishia hapo lau kosa lingekuwa la mwenzako peke yake. Limezagaa! Watu wazima, wenye vyeti, wakiona namba haigawanyiki kwa 2 wanaibandika utasa.

Witiri na shufwa tumezipokea kutoka Kiarabu. Anayesali witiri usiku anajua hufungwa kwa rakaa isiyo na mwenzake. Namba witiri ndiyo hiyo: igawe kwa 2, itabaki 1 pekee; shufwa haibakishi kitu. Kuijua, tazama tarakimu ya mwisho, basi. Tasa ni namba iliyozidi 1 isiyo na kigawo, yaani namba ya kuigawa bila baki, ila 1 na yenyewe, na hilo tarakimu ya mwisho haikuambii. 27 nayo inaishia na 7, na mtoto yeyote aliyekariri jedwali la tatu anaifahamu. Halafu 2, shufwa wa mashufwa, ni tasa.

Jina lenyewe lina uonevu. Kila namba nzima iliyozidi 1, kama si tasa, imetokana na tasa zilizozidishwa pamoja. Tasa gani huyu mwenye uzao usiokwisha? Lakini istilahi imeshakaa shuleni, nami nimechoka kugombana na zilizokaa.

Sasa namba yenu, maana mmeokota yenye kesi ya zamani. Chukua 2 moja, kisha mbili, nne, nane, kumi na sita. Kila safari zizidishe pamoja, ujumlishe 1. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65537, zote tasa. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, akaamini mtindo huo hautakatika. Ukifika kwenye 2 thelathini na mbili unapata 4294967297. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa hiyo ni 641 mara 6700417. Fermat alidanganywa na namba tano mfululizo. Mwenzako kadanganywa na mkia wa moja.

Na msije mkaniandikia kwamba 641 ni "kigawe" chake! Hapo ndipo mori hunipanda. Kizibo huziba, kifuniko hufunika, kigawo hugawa. Mtume ametumwa, mteule ameteuliwa, kigawe kinagawanywa. Basi 641 ni kigawo cha 4294967297, na 4294967297 ni kigawe cha 641. Mtaniambia ni irabu moja tu. Haya, someni hii: kila kigawo cha namba yenu, ukikipunguza 1, hubaki kigawe cha 64. Ndivyo ilivyo kwa 641, kwani 640 ni 64 mara 10. Na kwa 6700417 vilevile, fanyeni hesabu. Njia hiyo inakuepusha kujaribu namba ovyo. Badilisheni o na e katika sentensi ile muone kama kuna Euler atakayewaokoa.

Mwenzako akisema "nambari" badala ya "namba", mwache. Akirudia kuwa witiri na tasa ni mamoja, mpe 641, kalamu na karatasi, agawe mpaka baki iwe sifuri.